Siku Nilipokionea Wivu Choo cha Jirani

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kuzisimulia msibani, watu wakacheka na kumsogezea kiti. Yangu mimi, ndugu zangu, watu waliposikia walisogeza viti vyao mbali, na nawaelewa, kwa sababu siku ile nilikuwa nanuka. Nitaisema tu, maana Kasulu nzima wanaijua na hakuna ninachoficha: mimi, mtu mzima mwenye mvi, baba wa watoto wanaonitegemea kwa mawaidha, mwenye shahada ya chuo kikuu iliyotundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, nilikionea wivu choo. Ingekuwa gari la mtu ningeeleweka, ingekuwa hata mke wa mtu wangenisema wakachoka. Lakini mimi nilionea wivu choo cha shimo cha jirani yangu Filbert, kilichojaa.

Niwaeleze kwanza huyu Filbert, kwa sababu bila yeye mimi ni mtu mwema kabisa. Tulinunua viwanja pamoja, kimoja kando ya kingine, katikati tukapanda michongoma. Mimi nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu na kuandika makala magazetini, yeye alikuwa mtunza ghala wa shirika moja lililokuwa likiwahudumia wakimbizi kule kambi ya Nduta, Kibondo, akihesabu magunia ya unga na maharage. Kwa hesabu zangu za wakati ule, mimi ndiye niliyetakiwa kufika mbali. Filbert akarudi kutoka Kibondo na ng'ombe wa maziwa, bati la rangi, na ile tabia mbaya kuliko zote ambayo jirani anaweza kuwa nayo, yaani ukarimu. Mwaka wa kwanza alituletea maziwa, mwaka wa pili alituletea maziwa na parachichi. Nimejaribu sana kumchukia mtu huyu kwa haki, sikufanikiwa, ikabidi nimchukie bila haki.

Mke wangu, Mama Anjela, hakunisaidia hata kidogo. "Umeona Filbert amemwingizia mkewe maji jikoni?" Nimeona. "Umeona Filbert amejenga banda la ng'ombe sakafu ya saruji?" Nimeona, Mama Anjela, ng'ombe wa Filbert wanalala pazuri kuliko mimi. Kila kitu cha Filbert nimekiona kwanza kupitia michongoma, na kama kuna mtu atakuja kunichunguza macho atakuta alama za miiba.

Sasa tuje kwenye vyoo. Zamani huku kwetu choo kikijaa ulikuwa unachimba kingine, basi, ardhi ilikuwepo. Na kuchimba kulikuwa na sifa zake: udongo wetu mwekundu unashika, haubomoki ovyo, kwa hiyo mwanaume alisifiwa kwa kina cha shimo lake, na mkwe akija kukutembelea alikuwa haulizi, lakini anatoka chooni akiwa ameshakupima. Changu nilichimbisha kirefu mpaka mchimbaji akawa anasikika kama anaongea kutoka Burundi. Lakini mji umekua, viwanja vimebanana, hakuna tena pa kuchimba kingine, na choo kikijaa ilikuwa ni kumwita Yotham.

Yotham ni mmoja wa wale tunaowaita vyura. Walikuwa wakija na ndoo, kamba na mafuta ya taa. Mafuta yanamwagwa kupunguza harufu, sakafu inavunjwa, mmoja anavua nguo, anafungwa kamba kiunoni, anashuka, anachota kinyesi cha familia yako kwa mikono yake, na mwenzake anavuta ndoo. Wewe mwenye nyumba siku hiyo unakwenda kutembelea ndugu. Yotham alikuwa akifanya kazi na mdogo wake, Onesmo, mpaka siku Onesmo aliposhuka kwenye shimo moja hapa mjini, hewa ya humo ikamlegeza, na walipovuta kamba akaja bila kujibu. Tulimzika. Baada ya hapo Yotham aliendelea kushuka, maana watoto wake walikuwa wanakula kila siku kama watoto wengine, ila kabla ya kushuka alikuwa anasimama kwanza mdomoni mwa shimo, kimya, kama mtu anayebisha hodi.

Mimi niliumia, sidanganyi. Niliandika makala. Ilikuwa makala nzuri, yenye maneno kama utu na staha, nikahoji ni kwa nini zama hizi binadamu ashushwe shimoni wakati mashine zipo. Ikatoka, ikanukuliwa na mtu mmoja (mimi), na gazeti lile baadaye niliona Mama Anjela amefungia karanga.

Filbert hakuandika kitu. Filbert alipiga simu. Aliwapigia wale mabosi wake wa zamani, akawaambia, wakubwa, watu wa kambini wamepungua sana, ile mashine yenu ndogo ya kunyonya vyoo si inakaa tu, na kabla mahindi hayajakauka ilikuwa imeshushwa Kasulu: guta la matairi matatu, tangi la bluu mgongoni, pampu, na mpira mnene wa kunyonyea uliozungushwa kama chatu aliyeshiba. Yotham akapelekwa Nduta kufundishwa na fundi mmoja Mrundi, akarudi na ovaroli ya kijani, buti, glavu na miwani ambayo hakuivua hata kanisani. Halmashauri wakasema mashine itakaa Kasulu kwa majaribio, na kwamba itazinduliwa mbele ya wananchi, na mgeni rasmi kutoka wilayani atakuja ajionee mwenyewe. Na choo cha uzinduzi, akatangaza Bibi Afya wetu, yaani afisa afya, kwenye mkutano wa mtaa, kitakuwa cha Bwana Filbert, kwa sababu kimejaa na kiko karibu na barabara.

Watu wakapiga makofi. Makofi kwa ajili ya choo! Mama Anjela alipiga kwa mikono yote miwili mpaka khanga ikamwanguka begani.

Nawaomba mnielewe. Mimi ndiye niliyelilia jambo hili kwa maandishi, na sasa heshima yote inakwenda kwa mtu aliyepiga simu, atapigwa picha mbele ya choo chake, mgeni rasmi atamshika mkono, na jina lake litasomwa redioni. Usiku niligeuka kitandani kama chapati. Asubuhi nikavaa koti, nikaenda ofisini kwa Bibi Afya.

"Mwakeye, Bibi Afya," nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Mbona mapema?"

"Nimekuja kwa jambo la afya ya umma," nikasema (ndivyo nilivyosema, Mungu ananisikia). "Choo changu kimejaa kuliko cha Filbert. Hali ni mbaya. Na kwangu pia guta linapita."

Bibi Afya ni mama mpole, hana haraka ya kumshuku mtu. Akaniangalia. "Mwalimu, mbona choo chako tunasikia ni kile kirefu?"

"Kirefu, ndiyo. Lakini familia imekula miaka mingi."

Akasema sawa, atapita kesho jioni kukagua, na kama kweli hali ni mbaya kuliko kwa Filbert, basi watahamishia kwangu. Nikatoka pale natembea kama nimeshinda ubunge, na nilikuwa nimefika kwenye duka la Mzee Hamisi ndipo nikakumbuka kwamba choo changu hakijajaa. Hakijafika hata nusu. Ukitupa jiwe unaweza kuanza kuimba kabla halijatua.

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na ulikuwa mdogo sana, ndiyo maana nikauona hauna hatari: kesho yake Mama Anjela alipokwenda sokoni nilichukua mpira wa kumwagilia bustani, nikautumbukiza chooni, nikafungua bomba. Maji siku hiyo yalikuwa yanatoka kwa nguvu, jambo ambalo kwetu si la kila siku, nikalichukua kama ishara kwamba mbingu ziko upande wangu. Nikaketi kivulini nikaandika aya mbili za hotuba ya ukaribisho. Nilipokwenda kuchungulia, maji yamepanda vizuri, lakini ndugu zangu, yalikuwa maji! Yanang'aa! Niliona uso wangu humo, na ulikuwa uso wa mtu mjinga. Bibi Afya akimulika tochi atasema nini, kwamba nimechimba kisima? Kilihitajika kitu cha kuyaongezea uzito. Nikamwaga majivu, nikamwaga pumba, nikamwaga maganda ya ndizi ya wiki nzima, bado ni kama supu ya mgonjwa. Na ndipo jicho langu, kwa mazoea yake ya miaka mingi, likapita kwenye michongoma likaliona banda la ng'ombe.

"Jirani," nikamwita, "unaweza kunisaidia samadi kidogo? Nataka kuweka bustanini."

"Chukua tu, Mwalimu, tena kuna lundo kavu pale nyuma, zuri sana."

"Nataka mbichi."

Filbert akakuna kichwa. "Mbichi inaunguza mboga."

"Nitaichanganya na maji," nikasema, na hiyo ndiyo kauli pekee ya kweli niliyoitoa wiki nzima.

Akanijazia toroli mwenyewe. Tena akaniuliza kama nitaongeza, nikasema nitaongeza, akanijazia tena, akaisukuma mpaka getini kwangu akihema. Nikasubiri aondoke, nikaimimina yote shimoni, nikakoroga kwa mti mrefu wa kuangulia parachichi, na nawaambia, ikakaa sawasawa. Hakuna mpishi wa harusi aliyewahi kufurahia sufuria yake kama nilivyofurahia mimi. Jioni Bibi Afya akaja, akamulika, akarudi nyuma hatua kadhaa ameziba pua. "Masikini, Mwalimu," akasema, "kumbe mnaishi hivi." Sijawahi kusikia pole tamu kama ile. Uzinduzi ukahamishiwa kwangu.

Mnadhani Filbert alinuna? Alileta viti. Alileta viti vyake vyote vya plastiki, akaleta na jenereta la kipaza sauti ili tusitegemee umeme, na mkewe akaleta mandazi ya wageni. Nilimwangalia akipanga viti kwenye uwanja wangu kwa furaha ya kweli nikazidi kumchukia, maana hata ushindi alikuwa ameuharibu kwa kutoshindwa vizuri.

Siku yenyewe turubai lilifungwa, watu wakajaa, kina mama mbele, vijana juu ya mparachichi na ukutani. Mgeni rasmi akaketi kwenye kochi langu lililotolewa nje na kufunikwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji pia, kwa sababu niliomba. Nilishika kipaza sauti, nikatoa hotuba, nikagusia makala yangu, nikagusia tena makala yangu, mgeni rasmi akatazama saa, nikamkaribisha Yotham.

Wivu haukuwa umelala. Yotham alipoingia na lile guta, na ovaroli imepigwa pasi mpaka ina mistari, watu walipiga makofi kuliko walivyonipigia mimi. "Injinia! Injinia!" wakaita vijana juu ya mti. Mtu ambaye walikuwa wanavuka barabara wakimwona! Mkewe alikuwa amekaa mstari wa pili na watoto wao wote, wamepakwa mafuta mpaka wanawaka. Yotham akapunga mkono kama mchezaji mpira, akaushusha ule mpira mnene chooni kwangu, akavuta kamba ya injini. Pampu ikanguruma. Mpira ukatikisika, ukaanza kunyonya, na kwenye ule mpira kuna kipande cha kuona ndani, kama kioo, ambacho kila mtu alikuwa amenyoosha shingo kukitazama.

Kikapita kitu cha kijani.

Yotham akainamisha kichwa. Kikapita kingine, na mabua, na majani marefu yaliyotafunwa nusu. Akavua miwani, mara ya kwanza tangu atoke Kibondo, akatazama tena, kisha akageuka kwangu na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea kutoka shimoni:

"Mwalimu, kwani hapa kwako mnakula majani?"

Nyie! Mti ule wa parachichi ulidondosha watu. Kina mama waliangukiana. Mgeni rasmi alijifanya anakohoa. Na katikati ya kicheko nikasikia sauti ya Filbert, bila ubaya wowote, akimwambia mtu wa pembeni, "Lakini yale si mabua ninayowalisha ng'ombe wangu?"

Nilikuwa bado natafuta uongo wa kujibu (nilikuwa nimeshapata neno "mboga za asili") pale pampu ilipobadilisha mlio, ikalia kama mbuzi aliyekabwa, ikazima. Majani yalikuwa yameziba. Yotham akajaribu kuvuta mpira, haukuja. Akavuta tena, na kutoka chini tukasikia mlio mzito, bubu, kama gunia linaloangushwa ghalani. Ule udongo wangu unaoshika, ambao sikuujengea hata tofali moja, ulikuwa umekunywa maji usiku na mchana. Pande la ukuta wa shimo likameguka, likaukalia mpira.

Kicheko kikapungua. Yotham alihangaika, akaipiga teke injini, akaishika ile kamba ya injini, akavuta, wapi. Mgeni rasmi akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Bibi Afya," akasema, na hakusema kwa ukali, ndiyo ikawa mbaya zaidi, "mimi nilionya kwamba mashine hii ni ya kambini, huenda vyoo vya huku haviwezi. Kibondo wanaiulizia. Kama haifai hapa, irudi. Hawa vijana waendelee na utaratibu wao wa zamani."

Utaratibu wao wa zamani. Nilimwona mke wa Yotham akimpakata mtoto mdogo aliyekuwa amesimama peke yake vizuri tu, hana shida.

Yotham hakubishana. Aliinama, akafungua buti moja, akafungua la pili, akayaweka sambamba. Akashusha zipu ya ovaroli. Akaikunja, ile mistari ya pasi akaifuatisha, akaiweka juu ya buti, akabaki na kaptula ya zamani, na kutoka chini ya kiti cha guta akatoa kamba. Sijui kwa nini alikuwa bado anatembea nayo.

"Yotham, hapana," Bibi Afya akasema.

"Mara moja tu, mama. Naukwamua tu ule mpira, mashine ifanye kazi, mgeni aone. Nikitoka sishuki tena."

"Hapana, nimesema!"

"Mama, ikienda Kibondo nitashuka mara ngapi?"

Yotham akajifunga kiunoni, akatafuta mtu wa kumpa upande wa pili wa kamba, na aliyekuwa karibu ni mimi. Akaniwekea mkononi. Kisha akaenda kwenye mdomo wa shimo akasimama, kimya, vile alivyokuwa anasimama.

Wapendwa, nilijua mambo mawili ambayo yeye hakuyajua: kwamba kuta zile zimeloa mpaka nyuma na zitafuata lile pande la kwanza, na kwamba ni mimi niliyeziloanisha. Ningeweza kumnong'oneza. Mtu mwenye akili angemvuta pembeni, akamwambia kwa staha (lile neno langu la kwenye makala). Lakini mkono mmoja ulikuwa na kamba na mwingine ulikuwa na kipaza sauti, na hofu iliponishika nilipiga kelele kupitia kile nilichokuwa nimekielekeza mdomoni, na jenereta la Filbert, kwa bahati mbaya, lilikuwa zima na lenye nguvu:

"YOTHAM USIINGIE! NI MIMI! NILIJAZA MAJI! KUTA ZIMELOA! CHOO HAKIJAJAA! NA SAMADI NI YA FILBERT!"

Wanasema ilisikika sokoni. Wengine wanasema mpaka stendi, lakini hao wanatia chumvi. Bibi mmoja asiyesikia vizuri akamgusa mwenzake: "Amesema samadi ya nani?"

Safari hii walicheka mpaka wengine wakatoka kwenye turubai. Yotham hakucheka. Aliniangalia kwanza mimi, akaangalia shimo, na kama kuna kitu kingeniua siku ile si fedheha, ni namna alivyorudi nyuma hatua moja moja bila kuligeuzia shimo mgongo. Mkewe alikuwa ameshafika pale, akamfungua kamba kiunoni kwa meno, maana fundo lilikuwa limekaza.

Mama Anjela hakusimama. Alijifunika khanga usoni, na kutoka ndani ya khanga nikamsikia vizuri, wote tukamsikia: "Yaani miaka yote hii namwomba aniingizie maji jikoni. Ameyaingiza chooni."

Mgeni rasmi akauliza, kwa hiyo mashine ni nzima? Bibi Afya akasema mashine ni nzima, mwenye choo ndiye mbovu. Filbert akasema basi twendeni kwangu, ni hapo tu, choo kimejaa bila msaada wa mtu. Ila kwanza mpira ulihitaji kutolewa, kwa kuvutwa kutoka juu, mbali na mdomo wa shimo, na wanaume wakajipanga mstari kama wanavuta ng'ombe matopeni. "Mwenye choo atangulie!" wakapiga kelele vijana wa mtini. Nikatangulia, nimevaa koti langu la mahafali ya wanachuo. Filbert akashika nyuma yangu. Tukavuta, haukuja, tukavuta tena huku watu wanaimba, halafu ukaja wote kwa mara moja, na mdomo wake ukaruka juu ukageuka huku na huku kama mtu anayetafuta ndugu, ukaniona. Sitaeleza. Samadi ya Filbert ilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, familia yangu ilikuwa imechangia zaidi.

Waliisafisha pampu kwa maji, wakachomoa majani, wakavuka upande wa pili na turubai na viti na kochi langu. Mimi nilibaki kwangu, kwenye michongoma, mahali pangu pa siku zote. Nikachungulia. Yotham alikuwa amevaa tena, buti na glavu na miwani. Mpira ukashuka kwa Filbert, injini ikanguruma, na kile kioo kikapitisha kilichotakiwa kupita, mfululizo, bila jani. Shimo likashuka na hakuna mkono wa mtu ulioingia. Mkewe Yotham alipiga kigelegele kirefu kilichomalizikia kwenye kulia. Mgeni rasmi akamshika Filbert mkono, akapigwa picha, akasema mashine itabaki Kasulu, na mimi (niseme ukweli, tumeshafika mbali) niliguswa na kigelegele kile kwa dhati kabisa, na papo hapo nikawaza kwamba pale Filbert aliposimama kwenye picha ningekaa vizuri zaidi mimi, maana ni mrefu.

Watu walipokuwa wanaondoka walipita mbele ya geti langu nikiwa kwenye bomba la nje najiosha, na nikaona wanavyovuka kwenda upande wa pili wa barabara, wanazungumza kwa kuangalia mbele, hawana ubaya, ni pua tu. Yotham alipita mwisho na guta lake. Akasimama. Nikapangusa mkono kwenye suruali, ambako hakukuwa na sehemu safi, nikaunyoosha. Akautazama. Halafu, taratibu, akavua glavu, akakunja ngumi na kunipa kifundo cha mkono, vile tunavyompa mtu mwenye mikono michafu, vile nilivyompa yeye miaka yote nikijiona nina adabu.

"Karibu kazini, Mwalimu," akasema, akacheka mpaka akaegemea guta. Mimi nikacheka kidogo. Akaondoka, na kwenye kona nilimwona akiwashika watu mikono, kiganja kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine.

Basi nimeweka nadhiri, tena mbele ya Mama Anjela aliyedai niirudie kwa sauti: sitagombania heshima yoyote kabla ya kujua ni nani atakayeshuka shimoni nikiikosea. Nadhiri hiyo nimeishika vizuri, ila si bila jasho. Juzi redio ya hapa mkoani iliwaalika Filbert na Yotham kueleza habari za mashine. Filbert alikuwa anaongea vizuri, anachekesha hata, na mimi nilikaa nikisahihisha Kiswahili chake kimoyomoyo, mpaka mtangazaji alipomgeukia Yotham na kumuuliza kimebadilika nini nyumbani kwake. Yotham akasema zamani alikuwa anapitia mtoni kwanza, anajisugua, na bado watoto wanamsubiri ndani. Siku hizi wanakimbilia getini.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuizima redio. Nikaurudisha.